Kabla ya Kununua Betri ya Pili, Tumia Ukuta Ulionao

Malalamiko ya wenye umeme wa jua hapa Lubumbashi yanafanana. Saa 6 mchana betri imeshajaa, na kuanzia hapo hadi alasiri jua linapiga paneli bure kwa sababu umeme hauna pa kwenda. Usiku, kati ya saa 8 na saa 10, onduleri, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, inaanza kulia, friza inazimika, feni inasimama, na watoto wanaamka wamelowa jasho. Ukimweleza fundi, atakuambia uongeze betri. Kihesabu hakosei. Lakini betri ndicho kifaa ghali kuliko vingi katika mfumo mzima, na ndicho kinachowahi kufa. Kabla ya kutoa dola tena, inafaa kuuliza: ule umeme wa usiku unakwenda kufanya kazi gani?

Katika nyumba nyingi taa, simu na televisheni hula kidogo. Kinachomaliza betri ni baridi na joto: friza inayonguruma usiku kucha, feni za kupambana na joto la Oktoba, klimatizeri kwa wachache walio nayo, na mwezi wa Juni maji ya kuoga. Baridi na joto vina sifa moja ambayo mwanga wa taa hauna. Huwezi kuwasha taa saa 6 mchana ukatumia mwanga wake saa 6 usiku. Baridi ya alfajiri au joto la mchana unaweza kuviweka vikusubiri, ndani ya ukuta, sakafu, pipa la maji, chupa ya barafu. Vitu hivyo vingi tayari vimo nyumbani mwako, na havichakai kwa kutumika kila siku kama betri inavyochakaa.

Hiyo ndiyo hoja yangu: umeme ambao mwisho wake ni joto au baridi, usiupitishe kwenye betri kama unaweza kuuepusha. Betri iachie taa, simu, redio na kompyuta, kazi ambazo hakuna kingine kinachoweza kuzifanya.

Kinachoshika joto ni uzito. Mita moja ya ujazo ya ukuta wa tofali la kuchoma, ikipanda au kushuka nyuzi 1 ya Selsiasi, inameza au kuachia takriban kilowati-saa 0.4. Zege inafika karibu 0.55. Maji yanavishinda vyote, 1.16. Bati la paa, kwa wembamba wake, halina akiba yoyote: linaungua muda mfupi baada ya jua kupanda na linapoa muda mfupi baada ya jua kuzama. Ni kama vyombo vya jikoni, sufuria nyembamba ya aluminiamu inapoa kabla ya kufika mezani, chungu kizito cha chuma kinaweka bukari (ugali) moto mpaka anayechelewa naye anawe mikono.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7. Ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita 34 za mraba za ukuta. Katika mzunguko wa mchana na usiku mmoja joto haliendi mbali ndani ya tofali. Ni sentimita 10 hivi za upande wa ndani zinazofanya kazi. Hizo ni mita za ujazo 3.4, yaani kilowati-saa 1.4 hivi kwa kila nyuzi moja. Sakafu ya simenti inaongeza kama 0.6. Jumla ni 2. Kwa hiyo kuta na sakafu zikipoa nyuzi 2 tu kabla hakujakucha, chumba hicho kimoja kimeweka akiba ya kilowati-saa 4 za baridi.

Sasa weka pembeni yake betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 200, ile inayobebwa na watu wawili. Ndani yake mna kilowati-saa 2.4, na ukitaka idumu huteremki chini ya nusu, kwa hiyo unayotumia ni 1.2. Kwa haki ya hesabu lazima niseme kwamba ukuta unaweka joto, si umeme, na klimatizeri nzuri kwa kilowati-saa 1 ya umeme huondoa karibu 3 za joto. Hata hivyo, 4 kugawanya kwa 3 ni 1.3. Kuta na sakafu za chumba kimoja, kwa nyuzi mbili tu, zimefanya kazi ya betri moja, na zilikwisha kulipiwa siku nyumba ilipojengwa.

Tena mwili wa mtu hausikii hewa peke yake, unasikia na kuta zinazomzunguka. Hewa ikiwa nyuzi 27 na kuta nyuzi 24, unalala kama mtu aliye kwenye 25 na nusu, na feni ndogo ya wati 25 inatosha pale ambapo jana mlihitaji kubwa. Mtu aliyelala hutoa joto la kama wati 75. Kuta za chumba chetu, zikiwa na ubaridi wa nyuzi 2 kuliko hewa, zinaweza kumeza wati mia kadhaa bila sauti na bila waya, kwa hiyo familia nzima haizishindi.

Mbinu hii haifai kila mahali. Mombasa au Dar es Salaam, usiku wa Machi hewa hubaki karibu nyuzi 25, ukuta haupati nafasi ya kupoa, na nyumba nzito inaweza hata kuwa adhabu. Lubumbashi iko kwenye kimo cha takriban mita 1,200, na kiangazi chake ni kikavu chenye mbingu wazi. Oktoba mchana mara nyingi hupita nyuzi 32, lakini alfajiri hushuka hadi karibu 17. Juni na Julai mchana ni kama 26, na alfajiri watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli wanavaa makoti, maana huwa chini ya nyuzi 10. Tofauti hiyo ya nyuzi 15 na zaidi kati ya mchana na usiku ndiyo chaja ya ukuta. Miji mingi ingeililia.

Na matofali tunayo. Udongo wa vichuguu vikubwa vya nchi hii, vingine virefu kwa mita 8, ndio uliojenga sehemu kubwa ya mji. Nyumba za matofali manene huko Kamalondo na katika mitaa ya zamani ya wafanyakazi wa migodi zinajulikana kwa ubaridi wake mchana. Bloku za simenti zenye matundu, ambazo sasa zinapendwa kwa haraka yake, zina uzito mdogo zaidi kwa ukuta wa unene uleule, na akiba yake ni ndogo kwa kiasi hichohicho.

Lakini uzito huohuo ukiuachia jua bila mpango unageuka adui. Simama saa 4 usiku, mwezi wa Oktoba, katika chumba ambacho ukuta wake mmoja unatazama magharibi na hauna kivuli. Nje upepo umeshapoa, mbwa wamelala wakiwa wamejinyoosha kwenye barza. Weka kiganja kwenye ukuta huo kwa ndani: una joto kuliko mkono wako. Weka kwenye ukuta wa kusini: baridi. Jua lililoupiga ukuta wa magharibi saa 10 alasiri lilihitaji saa sita hadi saba kupenya sentimita 22 za tofali, na limefika kitandani wakati hasa wa kulala. Hapo feni inapuliza hewa ya tanuri mpaka asubuhi, na betri inalaumiwa.

Dawa yake iko nje, haiko kwenye onduleri. Mti wa mwembe au mparachichi upande wa magharibi, barza yenye paa, migomba, au angalau ukuta uliopakwa chokaa nyeupe. Kivuli kinachozuia jua kabla halijagusa tofali kina thamani kuliko pazia lililo ndani, kwa sababu pazia linazuia mwanga wakati joto limeshaingia chumbani.

Paa ndilo tatizo kubwa zaidi, na sababu yake iko angani. Mji uko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Jua husimama utosini kwetu saa 6 mchana mara mbili kwa mwaka, katikati ya Februari na kuelekea mwisho wa Oktoba. Februari mawingu ya mvua yanatukinga. Oktoba hakuna kinachotukinga, na jua linalipiga bati moja kwa moja hadi kupita nyuzi 60. Nyumba isiyo na plafoni (dari) inapokea joto hilo kutoka juu mchana kutwa, na hakuna ukuta utakaoweza kulimeza lote. Juni mambo yanageuka: bati linautazama usiku mtupu, linapoa hata kuliko hewa yenyewe, umande unadondoka ndani, na joto lote la nyumba linapanda na kupotea. Kwa hiyo mwenye dola za betri ya pili na asiye na plafoni, ushauri wangu ni mmoja: weka plafoni kwanza, na juu yake kitu chochote kikavu chenye hewa ndani, na uache matundu ya kupitisha upepo kati ya plafoni na bati. Bila hilo, mengine yote ninayoyaeleza hapa yanavuja kupitia juu.

Baada ya hapo kazi ya Oktoba ni ya kufungua na kufunga. Madirisha yafungwe asubuhi kabla hewa ya nje haijawa na joto kuliko ya ndani, kama saa 3 hivi, mapazia yashushwe, na yabaki hivyo mpaka jioni. Wengi wanafanya kinyume: wanafungua kila kitu saa 7 mchana "upepo uingie", na upepo unaoingia ni wa nyuzi 32. Jua likizama na nje kukiwa na ubaridi kuliko ndani, fungua. Saa zenye faida kubwa ni kuanzia usiku wa manane hadi saa 12 asubuhi, na hapo ndipo watu wanaponipinga, kwa haki: wezi na mbu. Dirisha la kulalia likiwa wazi bila nondo na bila wavu siwezi kulishauri mtu yeyote. Jibu ni matundu mawili, si dirisha zima. Tundu la chini upande mmoja na matofali ya matundu karibu na plafoni upande wa pili, yote yakiwa na wavu wa mbu na nondo. Hewa ya moto inatoka juu, ya baridi inaingia chini, usiku kucha, bila wati hata moja.

Mwenye klimatizeri na paneli za kutosha anaweza kwenda mbali zaidi. Mashine ya 9,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) inakula kama wati 800. Iwashwe saa 5 asubuhi wakati betri inakaribia kujaa, nyumba ikiwa imefungwa, iteremshwe hadi nyuzi 22, na izimwe saa 10 alasiri. Hapo ukuta umepokea umeme ambao ungepotea. Usiku inabaki feni peke yake. Kuiwasha klimatizeri hiyohiyo saa 3 usiku juu ya betri ya jeli ni kuimaliza akiba yote kwa saa moja na nusu.

Juni na Julai mpango unapinduka. Saa 6 mchana jua liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 55 juu ya upeo, na dirisha la kaskazini linaliingiza mpaka sakafuni. Dirisha la mita 1.5 za mraba lisilo na kivuli linaweza kuingiza kilowati-saa 2 hadi 3 za joto katika siku moja ya mbingu wazi. Hita ya umeme ya wati 1,500 ingemaliza betri yetu kabla ya saa moja kutimia, na dirisha hilo linatoa zaidi ya hapo bure. Sharti ni kwamba jua liguse sakafu yenyewe. Zulia nene au linoleamu inaweka joto juu juu, hewa inapata moto kwa muda, kisha jioni hakuna kilichobaki. Kunja zulia asubuhi, litandike tena saa 9 alasiri unapofunga madirisha na kushusha mapazia.

Hapa nina neno moja ambalo nalisema kwa uchungu. Nyumba iliyofungwa vizuri ili ishike joto haitakiwi kuwa na mbabula, jiko la makaa, ndani. Makaa yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala nayo hawaamki. Kila msimu wa baridi kuna wanaoiingiza chumbani ikiwa imeshakuwa makaa mekundu bila moshi, wakidhani moshi ndio hatari. Si moshi. Mbabula ibaki nje, hata kama baridi inauma.

Msimu wa mvua sina mengi ya kusema. Mawingu yanapunguza tofauti ya mchana na usiku, paneli nazo zinatoa kidogo, na ukuta unasaidia kwa kiasi tu. Bahati ni kwamba miezi hiyo joto si kali na baridi si kali.

Friza inastahili kuzungumziwa peke yake, maana hiyo ndiyo inayofanya biashara katika lupango (viwanja vya nyumba) nyingi. Mfikirie mama anayeuza samaki wa thomson na maji baridi katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Friza yake ya lita 200 inakula karibu kilowati-saa 1 kwa siku, zaidi ikifunguliwa mara kwa mara. Kati ya saa 10 alasiri na saa 1 asubuhi, jua lisipokuwepo, ni kama 0.6 hivi, yaani nusu ya umeme unaotumika wa betri yake. Nusu nzima, kwa kazi ambayo ingeweza kufanywa mchana.

Kilo moja ya barafu, ikiyeyuka, inameza wati-saa 93 za joto. Akipanga chupa kumi za lita 1.5 kwenye kingo na sakafu ya friza, ana kilo 15 za barafu, sawa na kilowati-saa 1.4 za baridi. Joto linalopenya kuta za friza usiku huo ni kama 0.8. Barafu inatosha na kubaki. Anaweka taima ya kawaida ya soketi: friza iwake saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri, kisha ilale. Kwa vinywaji, maji matupu yanafaa. Kwa samaki hayatoshi, kwa sababu barafu ya maji matupu inashikilia nyuzi sifuri, na samaki kwenye sifuri ameshaanza kulegea. Achanganye gramu 100 za chumvi kwa gramu 900 za maji. Mchanganyiko huo unaanza kuganda karibu nyuzi 6.5 chini ya sifuri, na samaki anabaki mgumu. Chupa zisijazwe hadi shingoni, maji yakiganda hupanuka karibu asilimia 9 na chupa hupasuka. Na juma la kwanza aweke kipimajoto ndani aangalie alfajiri kabla ya kuiamini taima, kwa sababu mpira wa mlango uliochakaa unaweza kuharibu hesabu yote hii.

Maji ya kuoga ni hesabu fupi. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinahitaji kilowati-saa 2.3, karibu betri mbili za jeli. Pipa jeusi kwenye paa, au tangi la umeme lenye ganda la kuzuia joto lisitoke, linalopashwa moto saa 6 mchana kwa umeme wa ziada, linafika jioni likiwa bado na joto la kuoga watu wote. Hakuna kazi nyumbani inayostahili kuondolewa kwenye betri haraka kuliko hii.

Betri yenyewe nayo inapenda ukuta mzito. Ya risasi, na ya jeli ni mojawapo, hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na nimeona ngapi zimefungiwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba, Oktoba, jua likipiga. Iwekwe ndani, chumba cha tofali upande wa kusini, penye upenyo wa hewa, mbali na kitanda.

Anayejenga sasa ana nafasi ambayo wenye nyumba zilizokamilika hawana. Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini, madirisha makubwa yawe huko na tokeo la paa la nusu mita: Juni jua litaingia chini yake, Oktoba halitaingia. Magharibi paachiwe stoo, choo na jiko, na madirisha yake yawe madogo. Kuta za kugawa vyumba zijengwe kwa tofali la kuchoma hata kama za nje ni bloku, maana zile za ndani hazipigwi na jua kamwe na zinafanya kazi kwa pande zote mbili. Sakafu iwe simenti iliyosuguliwa au vigae. Matofali ya matundu karibu na plafoni yapangwe kabla ya linta kumwagwa. Kuyatoboa baadaye ni kazi ya nyundo na gharama mara mbili. Na fundi wa umeme aitwe mapema avute laini mbili kutoka kwenye onduleri, moja ya taa na simu kwa usiku, nyingine ya friza, maji na klimatizeri yenye taima yake, ili saa 10 alasiri ya pili ijizime bila mtu kukumbuka.